Vitengo vinaunganishwa: fedha za nani, mwanafunzi wa nani?

Barua nyingi za safari hii zinazungumzia jambo moja. Vyuo vikuu vya umma vinapanga upya vitengo vinavyohudumia watu wasiokaa mabwenini: masomo ya jioni, kozi fupi, elimu masafa, ugani (kupeleka utaalamu wa chuo kwa wakulima na vikundi) na huduma kwa jamii. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimaliza huko. Nilianza kama karani wa kusajili wanafunzi wa jioni, nikaishia mratibu wa vituo vya nje, na kamati za kupanga upya nimezikalia zaidi ya moja. Nimechagua barua tano. Majina nimeyaondoa, maana baadhi ya walioandika bado wako kazini.

Tumepewa muhula mmoja

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhadhiri. Makamu Mkuu wa Chuo ameniteua katibu wa kamati ya kuunganisha Kituo cha Kozi Fupi, Idara ya Masomo ya Jioni na Masafa, na Ofisi ya Ugani viwe kurugenzi moja. Hadidu za rejea zinatutaka tupunguze kazi zinazojirudia na tuongeze mapato. Wajumbe wameshaanza kuchora muundo, nani awe juu na nani awe chini. Naona kama tumeanzia pabaya, ila sijui pa kuanzia ni wapi. Katibu wa kamati*

Marahaba, ndugu katibu. Moyo wako umekuambia kweli. Mchoro huo uwekeni kando, mtaurudia mwishoni na utawachukua siku moja. Kwanza mwombeni mhasibu mkuu awaandalie karatasi moja kwa kila kitengo, ieleze mambo manne: fedha zinatoka kwa nani, zinaingia akaunti ipi, nani anaidhinisha matumizi, na bakaa ya mwisho wa mwaka inakwenda wapi. Kamati nyingi huishia kwenye jambo la kwanza. Hilo la nne ndilo linaloeleza kwa nini watu wa kitengo fulani wanachapa kazi na wa kingine wamekata tamaa.

Karatasi zikifika mtaona kwamba vitengo vyenu vinafanana kwa jambo moja tu, kuhudumia watu walio nje ya geti. Kwa fedha ni ndugu wa mbali. Kozi fupi inalipiwa yote na anayesoma au mwajiri wake, na isipopata watu wa kutosha haifunguliwi. Masomo ya jioni yanaishi kwa ada, lakini mhadhiri anayefundisha analipwa mshahara na chuo na juu yake posho ya vipindi vya ziada, na darasa, umeme na maktaba ni vya chuo. Kwa hiyo faida inayoonekana pale si faida yote. Ugani ni habari nyingine kabisa. Anayehudumiwa halipi kitu, mshahara wa afisa unatoka serikalini, na mafuta ya gari mara nyingi yanatoka kwenye mradi wenye tarehe ya kufa.

Sasa chukueni hivyo vitatu, muviweke chini ya mkurugenzi mmoja, halafu mpimeni kwa lengo moja la mapato. Nimeona linalofuata. Hakuna atakayeandika waraka wa kufunga ugani. Gari la ugani litaitwa gari la kurugenzi, na wiki ya kozi fupi litabeba vifaa vya semina. Safari ya kwenda kwa wakulima itasogezwa mbele, itasogezwa tena. Afisa akistaafu, nafasi yake kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi, itajazwa na ofisa masoko. Baada ya muda mtu atauliza kwenye kikao kama ugani una tija, na takwimu zitakuwa mbaya kweli, kwa sababu kazi ilishasimama zamani.

Upande wa pili nao una shimo lake. Mkisomba bakaa yote ya kozi fupi mkaimwaga kwenye mfuko mkuu wa chuo, idara zitaacha kuzileta kozi kwenu. Mhadhiri mwenye kozi inayotakiwa na watu ataifundishia nje, kwa kampuni ya rafiki yake, na chuo kitabaki na kozi ambazo hazina mwenyewe.

Ndiyo maana ninawaomba, kabla ya muundo, muandike kanuni mbili na mzipeleke Baraza la Chuo zipitishwe. Ya kwanza ni mgawanyo wa mapato ya kozi: idara inayofundisha inapata asilimia ngapi, kurugenzi ngapi, mfuko mkuu ngapi, na asilimia hizo zijulikane kabla kozi haijatangazwa. Ya pili, ugani uwe na kasma yake, yaani fungu lake la bajeti, na fedha zisihamishwe kutoka humo bila idhini ya Baraza lenyewe. Mkurugenzi asiwe na uwezo huo peke yake, hata awe mtu mwema kiasi gani. Mkizipata hizo mbili, kurugenzi ikiwa moja au tatu haitanisumbua sana.

Jambo hili la nani analipa ni la zamani kama kazi yenyewe. Mwaka 1873 Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza rasmi kupeleka wahadhiri kwenye miji ya Derby, Leicester na Nottingham, kwa msukumo wa mwalimu mmoja kijana, James Stuart. Utaratibu ulikuwa kwamba kamati ya wenyeji ichangishe fedha za kumlipa mhadhiri. Miaka ya 1880 wachimba makaa ya mawe wa Northumberland waliyapenda masomo hayo sana, wakahudhuria baada ya kutoka shimoni. Ulipokuja mgomo wa mwaka 1887, mishahara ikakatika, na vituo vyao vikafa. Kiu ya elimu ilikuwepo bado. Fedha ilikuwa na chanzo kimoja tu, mfuko wa mchimba makaa.

Linganisha na Marekani. Sheria ya mwaka 1914, inayoitwa kwa majina ya Seneta Hoke Smith na Mbunge Asbury Lever, iliufanya ugani wa kilimo ubebwe kwa pamoja: serikali kuu inatoa fungu, jimbo linatoa la kwake, na kaunti nayo inachangia. Chuo kikuu cha jimbo ndicho kinachosimamia. Fungu moja likipungua, mengine mawili yanaushikilia ugani usianguke, na mwenye fungu ana haki ya kuuliza. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siri ya ugani ule kudumu zaidi ya miaka 100, kuliko ubora wa chati yoyote ya muundo.

Hata hivyo chati zao nazo zimechorwa na kufutwa. Wisconsin, ambako Rais wa chuo Charles Van Hise alihubiri mwanzoni mwa karne iliyopita kwamba chuo kikuu cha umma kifike kwa kila familia ya jimbo, waliunganisha mwaka 1965 ugani wa kilimo, masomo ya nje na redio ya chuo kuwa taasisi moja. Mwaka 2018 wakaivunja. Ugani pamoja na redio na televisheni vikaenda chuo kikuu kilichoko Madison, kozi za mtandaoni na elimu ya kujiendeleza zikaenda makao makuu ya mfumo wa vyuo, na wakati huohuo kampasi 13 zinazotoa masomo ya miaka miwili zikawekwa chini ya vyuo vikuu saba. Wanafunzi katika kampasi hizo walikuwa wanapungua tangu kabla, na muundo mpya haukuzuia hilo. Ile ya Richland ilisitisha masomo ya ana kwa ana mwaka 2023, na nyingine zimefuata. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Waliounganisha walikuwa na sababu nzuri, waliogawa nao walikuwa na zao. Mkitaka kujua kama kamati yenu imefanya kazi, tazameni kama mtu wa nje bado anapata huduma mwaka wa tatu baada ya nyinyi kusaini ripoti.

Kuhusu muhula mmoja: unatosha kwa karatasi za mhasibu na kanuni mbili. Kuhamisha wafanyakazi na wanafunzi hautoshi, na ombeni hilo liandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

Nimebakiza mihula miwili

*Habari za kazi, Mwalimu. Mimi ni muuguzi, nasoma stashahada jioni baada ya zamu. Tangazo la ubaoni linasema idara yetu ya masomo ya jioni imevunjwa na kila programu inahamia kwenye kitivo chake. Nimebakiza mihula miwili. Nauliza ofisini, kila mtu ananiambia nisubiri. Je, alama zangu zitapotea? Muuguzi wa zamu ya asubuhi*

Pole dada yangu, na hongera kwa kufika hapo ulipofika. Alama zilizopitishwa na Seneti hazipotei kwa sababu idara imevunjwa. Aliyekudahili ni chuo kikuu, na idara ilikuwa mkono wake tu. Kinachopotea ni faili. Kwa hiyo usingoje. Kusanya nyaraka zako sasa hivi: barua ya udahili, kitabu cha mwongozo cha mwaka ulioanza, matokeo ya kila muhula, na stakabadhi zote za ada. Piga picha kwa simu, na nakala za karatasi ziweke nyumbani.

Kisha mwandikie Msajili barua, usimuulize kwa mdomo. Muulize mambo matatu. Utamaliza kwa mtaala upi, ulioanza nao au mpya wa kitivo? Kwa kawaida chuo humruhusu aliyekwisha kuanza amalize kwa mtaala wake ndani ya muda uliowekwa, lakini unataka muda huo uandikwe. La pili, cheti chako kitasomeka vipi, na kitatambuliwa na bodi ya taaluma yako kama cha waliokutangulia? Kwa muuguzi hilo ni zito, usikubali jibu la juujuu. La tatu, vipindi vitabaki jioni?

Hilo la tatu wanafunzi wengi hulisahau, nalo ndilo lililowaondoa watu wengi chuoni bila kufukuzwa. Kitivo kina wanafunzi wa mchana mamia kwa mamia na ratiba yake imezoea mchana. Kipindi cha saa kumi na moja jioni kitasogezwa saa tisa "kwa muhula huu tu" kwa sababu mhadhiri ana safari. Anayetoka kazini hawezi kufika. Anakosa mahudhurio, anakosa mtihani, na kwenye kumbukumbu anaandikwa kuwa ameacha masomo mwenyewe.

Katika chuo nilichokitumikia, wanafunzi wa jioni walipohamishiwa vitivoni, hakuna mtu aliyefikiria dirisha. Dirisha la karani wa kitivo lilifungwa saa tisa na nusu alasiri kama kawaida ya ofisi. Wanafunzi wetu walifika saa kumi na moja wakiwa na stakabadhi za benki mkononi, wakakuta pazia. Bila stakabadhi kupokelewa, jina haliingii kwenye orodha ya mtihani. Nilikuta foleni ya watu wazima, baadhi yao wakuu wa ofisi zao, wakipenyeza karatasi chini ya mlango na kuandika namba za simu nyuma yake. Tulipigana mpaka karani mmoja akapangiwa kuingia saa sita mchana na kutoka saa mbili usiku. Hakuna aliyeajiriwa upya wala jengo lililojengwa, na foleni ile ikaisha. Nilijifunza pale kwamba unapohamisha programu ya jioni, lazima uhamishe na saa zake za ofisi.

Kwa hiyo muungane darasa zima, mchague wawakilishi wawili, mmoja wa zamu ya asubuhi kama wewe na mwingine wa zamu nyingine, na barua ya kuomba dirisha la jioni isainiwe na wote. Mkuu wa kitivo akipata barua ya mtu mmoja huiona kama malalamiko. Ya darasa zima ataipeleka kikaoni.

Mkuu wa kitivo ataniuliza makala

*Mwalimu, shikamoo. Ni afisa ugani wa chuo, mwaka wa kumi na moja. Kwenye muundo mpya nitakuwa chini ya mkuu wa kitivo. Wenzangu watanipima kwa makala za majarida. Mimi siku zangu ziko mashambani na kwenye vikundi vya akina mama. Sina makala hata tatu. Naogopa nitaonekana mzigo. Afisa ugani*

Marahaba, mwanangu. Hofu yako ina msingi, kwa hiyo sitakuambia usiogope. Nitakuambia uidai kanuni mapema.

Vigezo vya kupandishwa cheo vinapitishwa na Seneti na Baraza. Kabla hujahamia, omba kwa maandishi kupitia mkuu wako wa sasa: je, maafisa wanaohamia vitivoni watapimwa kwa vigezo vipi, na nani atakaa kwenye jopo? Ukihama kwanza ukauliza baadaye, vigezo vya wahadhiri vitakuwa ndivyo vyako kwa kimya chako. Ombeni wote kwa pamoja, na mpendekeze kwamba angalau mtathmini mmoja atoke nje ya kitivo, kwa wanaotumia huduma.

Hoja ya kitaaluma ipo, na haikutoka kwa wanaharakati. Ernest Boyer, akiwa mkuu wa taasisi ya Carnegie inayoshughulikia elimu, aliandika mwaka 1990 kwamba kazi ya msomi ina sura nne: kugundua maarifa, kuyaunganisha, kuyatumia na kuyafundisha. Vyuo vingi vimerekebisha kanuni zao za vyeo kwa kuegemea hapo. Tafuta kama chuo chako kina maneno ya aina hiyo kwenye mpango mkakati wake. Mara nyingi yamo, kwenye ukurasa wa dira, na hakuna aliyeyashusha hadi kwenye fomu ya tathmini.

Lakini uwe na ushahidi. "Nilitembelea vikundi" haitoshi. Andika ulichokuta, ulichobadilisha na kilichotokea msimu uliofuata, na jina la kikundi kinachoweza kuulizwa. Mwongozo ulioandika na kupitiwa na wataalamu wawili ni chapisho. Jaribio ulilofanya shambani kwa mkulima ni utafiti, mradi umeweka kumbukumbu. Mafunzo yako yalipobadilisha silabasi ya idara, mwombe mkuu wa idara aandike hivyo.

Tena usione haya na kazi yako. Mwaka 1903 huko Terrell, Texas, mtaalamu wa kilimo Seaman Knapp alikuwa ameshaona kwamba mashamba ya mfano yaliyoendeshwa na serikali hayawashawishi majirani. Kila mtu alijua aliyelima pale analipwa mshahara. Akabadilisha mpango: mkulima wa palepale, Walter Porter, alime kwenye ardhi yake mwenyewe kwa maelekezo, na wafanyabiashara wa mji wakaahidi kumfidia akipata hasara. Hakuhitaji fidia. Mtindo ule ukaenea, na sheria ya 1914 niliyoitaja kwa katibu ilijengwa juu yake. Knapp alikuwa amefanya utafiti wa namna watu wanavyoamini jambo, ila maabara yake ilikuwa shamba la mtu.

Ombi langu moja zaidi. Kabla hujahama, kaa na karani muandike daftari la mahusiano: kila kikundi, kiongozi wake, simu yake, mliahidiana nini na lini. Vitengo vinapounganishwa, hayo huondoka na mtu akihama, na mrithi wako atapigiwa simu na watu asiowajua wakidai ahadi asizozijua.

Kwa nini tusihamie mtandaoni tu?

*Mimi ni naibu mhasibu wa chuo. Vituo vyetu vya nje vinakula kodi ya pango, ulinzi na umeme. Wanafunzi wana simu. Tukifunga vituo vyote na kuweka masomo mtandaoni tutaokoa fedha nyingi. Wanaopinga wana hoja gani zaidi ya mazoea? Naibu mhasibu*

Ndugu yangu, baadhi ya vituo vinastahili kufungwa. Niliwahi kusimamia kimoja ambacho kilikuwa na mlinzi, ubao na kufuli, bila wanafunzi. Hicho kifungeni hata kesho.

Kwa vilivyo hai, angalia waliofundisha watu wengi kwa mbali walifanyaje. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipata hati yake mwaka 1969 na kuanza kufundisha Januari 1971 kwa vitabu vya posta na vipindi vya BBC. Hata hivyo, tangu mwanzo kilikuwa na wakufunzi wanaosahihisha kazi za kila mwanafunzi, vituo vya kukutania na shule za kiangazi za kukaa pamoja. Na mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio. Ilidumu wiki 12 na ikafikia watu wapatao milioni mbili. Watu wanaikumbuka redio. Wanaowasahau ni viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliofundishwa kwanza, ili kipindi kikiisha kuwe na mtu wa kuuliza, "Haya, sisi hapa tutachimba vyoo lini?"

Kwa hiyo kwenye hesabu yako, mstari wa kodi ya pango ukiufuta, weka mstari mwingine wa mkufunzi anayejibu, kwa idadi ya wanafunzi atakaowabeba. Ukiona akiba bado ipo, nitakuunga mkono. Mara nyingi akiba inayopigiwa debe inatokana na kumwondoa mtu huyo, na mwanafunzi anayesoma usiku peke yake akikwama kwenye zoezi la pili haendi hadi la tatu. Ada ya muhula unaofuata huioni, na kwenye vitabu vyako utaandika kwamba soko limepungua.

Angalia vilevile kama kituo kinaweza kuishi bila kodi yako. Chumba cha maktaba ya umma au darasa la shule baada ya saa za masomo kinatosha kwa mikutano ya wikendi na mitihani. Mkataba wa kutumia chumba kwa pamoja ni rahisi kuliko pango na mlinzi.

Hakuna aliyetuuliza

*Mwalimu, sisi ni kikundi cha wajasiriamali. Chuo kilikuwa kinatufundisha utunzaji wa hesabu kila mwezi. Mratibu ametuaga, anasema kitengo kinaunganishwa. Hatukuulizwa. Tufanye nini? Mwenyekiti wa kikundi*

Mwenyekiti, salamu kwa wanachama wote. Mnayo haki ya kuuliza, kwa kuwa chuo ni cha umma na ninyi ndio umma wenyewe. Ila msimlalamikie mratibu. Huenda naye aliambiwa siku hiyohiyo.

Andikeni barua kwa Makamu Mkuu wa Chuo, nakala kwa Katibu wa Baraza. Iwe ukurasa mmoja. Semeni mlikuwa mnapata nini, tangu lini, watu wangapi, na nini kimebadilika kwenye biashara zenu, kwa mifano miwili ya kweli yenye tarakimu zenu wenyewe. Kisha ombeni mambo mawili tu: jina na simu ya atakayewahudumia katika muundo mpya, na nafasi ya mjumbe mmoja wa watumiaji wa huduma kwenye kamati ya ushauri ya kurugenzi. Kama kamati hiyo haimo kwenye muundo, ombeni iwekwe. Kwa wale wa kaunti za Marekani niliowataja, uzito wa neno lao unatokana na fungu wanalochangia. Ninyi nanyi mna mnachochangia, ukumbi mnaoutoa bure na watu mnaowakusanya. Litajeni hilo bila kuona haya.

Barua ipelekwe masijala kwa mkono, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ifike kabla ya kikao cha Baraza kitakachojadili muundo. Tarehe ya kikao mtaipata kwa Katibu wa Baraza, mkipiga simu na kuuliza kwa adabu.